Skrini Inayomwitikia Mtu: Mwongozo Kamili wa Kutangaza Filamu kwa Vihisi Mwendo, Arusha na Moshi

Kionjo cha filamu kinachochezwa kwenye skrini ya tamasha hushindana na muziki, moshi wa nyama choma na marafiki ambao hawajaonana tangu Krismasi. Mara nyingi hushindwa. Lakini skrini ikikichukua kivuli cha mpita njia na kukiingiza katika hadithi, mtu husimama, huinua mkono kujaribu, na tayari ameshaingia kwenye filamu. Mwongozo huu ni wa watengenezaji filamu, wabunifu na vijana wa kompyuta wanaotaka kujenga skrini ya namna hiyo kwa bajeti ya hapa kwetu, kwa umeme wa hapa na chini ya jua la hapa. Jambo moja nitalishikilia mwanzo hadi mwisho: tendo la mwili lazima litoke ndani ya filamu yenyewe. Vifaa vinafuata.

Hatua ya 1: Tafuta tendo moja

Chukua muswada wa filamu na ujiulize: mhusika anafanya nini kwa mwili wake ambacho asipokifanya hadithi inakwama? Jibu liwe kitenzi kimoja. Kuvuta, kufungua, kujificha, kubeba, kupapasa gizani.

Tuseme filamu inahusu ndugu wawili wanaogombea maji ya mfereji kwenye vihamba (mashamba ya migomba na kahawa) vya Machame, Kilimanjaro. Kitenzi ni kufungua. Mtu anasimama mbele ya skrini, anainama kidogo na kuinua mikono miwili kana kwamba anapandisha kizuizi cha mfereji. Maji yanashuka kutoka juu ya skrini, yanapita kati ya migomba na mibuni, na yanapofika chini yanaufunua uso wa mhusika mkuu na tarehe ya filamu kuanza kuonyeshwa. Sasa mweke mtu wa pili upande wa kulia. Kila wa kushoto anapofungua, kwa mwenzake panakauka. Hujawaeleza kitu, lakini wameshaanza kubishana, na ubishi huo ndio filamu.

Au filamu ni ya mtu anayewindwa usiku msituni. Kitenzi ni kutulia. Skrini nzima ni giza na tochi inazunguka. Anayetikisika anamulikwa, anayesimama tuli tochi inampita. Hii ni rahisi kuliko zote kutengeneza, kwa sababu programu inapima mwendo tu, haihitaji kujua mkono uko wapi. Ukiwa mwanzo kabisa, anza na wazo la aina hii.

Michezo ya kudaka sarafu zinazodondoka au kupasua mapovu iache. Inachekesha, ila ingeweza kutangaza sabuni au mtandao wa simu bila kubadilisha chochote, na mtu anaondoka bila kukumbuka jina la filamu.

Ukishapata tendo, lijaribu bila kompyuta. Simama na rafiki kibarazani, mwambie "fungua maji", uone mwili wake unafanya nini wenyewe. Rudia kwa bibi, kwa mtoto wa darasa la tatu, kwa mtu anayetumia kiti cha magurudumu. Ishara wanayoitoa wote bila kufundishwa ndiyo utakayoiandikia programu.

Hatua ya 2: Kagua eneo saa ileile ya tukio

Ukumbi wa AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa cha Arusha, na uwanja wa wazi ni kazi mbili tofauti kabisa. Ndani unatawala mwanga, nje unatawaliwa. Kwetu jua huzama karibu saa 12 na nusu jioni karibu mwaka mzima, likichelewa kidogo mwezi Februari, na giza huingia upesi. Kwa hiyo tukio la nje linalotegemea projekta lipangiwe kuanza saa 1 usiku. Ukiambiwa "tunaanza saa 10 jioni", omba hema lenye kuta tatu au bajeti ya skrini ya LED.

Hesabu ni hii. Projekta ya lumeni 4,000 (lumeni hupima mwanga wote inaoutoa) ikitandaza picha ya upana wa mita 3 na kimo cha mita 1.7 inagawa mwanga wake kwenye mita za mraba 5.1, yaani takriban luksi 780, luksi ikiwa ni lumeni moja kwa kila mita ya mraba. Jua kali la mchana hufikia luksi 100,000 hivi, na hata siku ya mawingu nje kuna maelfu mengi. Hakuna projekta ya kukodi mjini itakayoshindana na hilo. Kwenye maonyesho ya Nane Nane pale Themi, au asubuhi ya Kilimanjaro Marathon wakimbiaji wanaporejea Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, fikiria LED au kaa ndani ya hema.

Jua lina madhara ya pili ambayo wengi huyasahau. Vihisi vingi vya mwendo, yaani vifaa vinavyogundua mtu anavyosogea, hutumia mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho, na jua limejaa infraredi. Kihisi kinachofanya kazi vizuri ndani kinaweza kuona weupe mtupu nje saa 9 alasiri. Usikielekeze magharibi jioni, na weka turubai juu ya eneo la kusimama watu.

Ukiwa hapo pima pia nafasi. Unahitaji mita 3 kwa mita 2 za kuchezea, mita nyingine 2 nyuma yake kwa wanaosubiri na wanaotazama, na njia ya wapita njia isiyokatiza mbele ya kihisi. Waliosimama kutazama ni muhimu kama wanaocheza. Wao ndio wanaorekodi kwa simu na kutuma.

Na msimu. Machi hadi Mei ni masika, Novemba na Desemba vuli. Julai Arusha ni baridi na watu wamevaa makoti mazito, kiangazi ni vumbi linaloingia kwenye feni za projekta. Kila moja inabadilisha mpango.

Hatua ya 3: Chagua kihisi

Hapa ndipo pesa hupotea, kwa hiyo twende taratibu.

Kihisi cha bei ndogo kabisa ni kile cha taa za usalama za getini, kinachogundua joto la mwili linapopita. Hakijui mkono wala mguu; kinajua kuna mtu. Kinafaa kuamsha skrini iliyolala. Hewa ikikaribia joto la mwili, kama mchana wa Februari Moshi, hupungua makali.

Juu yake kuna kamera ya kawaida ya kompyuta. Programu ya MediaPipe ya Google, isiyolipiwa, hutambua nukta 33 za mwili kutoka kwenye picha ya kawaida, na kompyuta mpakato isiyo na kadi kubwa ya michoro inaimudu. Shida ni mwanga. Gizani kamera hurefusha muda wa kupokea mwanga, picha inachelewa na kufifia, na ngozi nyeusi mbele ya ukuta mweusi inapotea. Zima marekebisho ya mwanga ya kamera yenyewe, na weka taa laini mbili za pembeni zinazowamulika watu bila kuigusa skrini. Shida ya pili: kamera ikiiona skrini, au picha ya projekta ikiwaangukia watu, programu inahesabu picha hiyo kuwa mwendo, na skrini inaanza kujijibu yenyewe.

Dawa ya matatizo yote mawili ni kufanya kazi kwa infraredi. Tafuta kamera ya USB isiyo na kichujio cha infraredi, weka mbele ya lenzi kichujio kinachozuia mwanga wa kawaida, kisha mulika eneo kwa taa za infraredi za nanomita 850, zilezile zinazouzwa na mafundi wa kamera za ulinzi. Projekta hutoa infraredi kidogo sana, hivyo kamera inawaona watu tu, hata kukiwa giza totoro. Kwa usiku, mpangilio huu ndio ninaoupenda kuliko wote, na ni wa gharama nafuu. Ila usitumie kamera ya ulinzi ya mtandao yenyewe, kwani nyingi huchelewesha picha kiasi cha kuua mchezo.

Daraja la juu ni kamera ya kina, inayopima umbali wa kila nukta. Kinect ya Microsoft, iliyotoka Novemba 2010 kwa ajili ya mashine ya michezo ya video ya Xbox 360, ndiyo iliyofungua mlango huu kwa wasanii. Toleo lake la pili huwatambua watu sita kwa wakati mmoja, viungo 25 kila mmoja, kati ya nusu mita na mita 4.5. Microsoft iliacha kuzitengeneza mwaka 2017, lakini zilizotumika bado zinapatikana. Hakikisha unauziwa pamoja na adapta yake ya umeme na USB 3, maana bila hiyo ni pambo. Mrithi wake, Azure Kinect ya 2019, naye alisimamishwa mwaka 2023, na leo Femto Bolt ya kampuni ya Orbbec inatumia teknolojia ileile. Kamera nyingine ya kina, RealSense D435, hufanya kazi tofauti, kwa kulinganisha picha za kamera mbili, kwa hiyo huvumilia mwanga wa mchana kuliko Kinect.

Pima upana kabla ya kununua. Kinect ya pili huona nyuzi 70 kwa mlalo. Ukisimama mita 3 mbele yake, inaona upana wa mita 4.2. Ile ya kwanza, yenye nyuzi 57, inaona mita 3.3 tu.

Hatua ya 4: Kivuli au viungo?

Programu inaweza kukupa mambo mawili: kivuli kizima cha mtu, au nukta za viungo vyake. Wanaoanza hukimbilia viungo kwa sababu vinaonekana vya kisasa. Kwa matukio ya kwetu nashauri kivuli, na sababu ni mavazi. Dera, kanga iliyofungwa kiunoni, kanzu, shuka la Kimasai lililotupwa begani: vyote huficha viwiko na magoti, na programu ya viungo hukisia vibaya. Kivuli hakijali. Tena shuka likipepea, kivuli chake kwenye skrini kinapendeza, na mwenye shuka anaona kwamba mchezo umetengenezwa akiwemo yeye.

Wazo hili ni la zamani. Katika miaka ya 1970 Mmarekani Myron Krueger alijenga Videoplace, chumba ambamo vivuli vya watu vilicheza na michoro ya kompyuta, na nguvu yake ilitoka kwenye jambo moja: mtu hukitambua kivuli chake papo hapo.

Ukihitaji mikono, kama kwenye mfereji wetu, chukua sehemu ya juu ya kivuli kila upande na uone kama imevuka mabega. Pima kwa kulinganisha na mwili wa mtu huyohuyo. Ukiweka mstari mmoja hewani, mtoto na mtu aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu hawataufikia kamwe.

Hatua ya 5: Andika programu

Kwa anayejua kuandika kodi, yaani maagizo ya kompyuta, lugha ya Python na maktaba yake ya kuchakata picha, OpenCV, zinatosha. Processing, lugha ya kuchorea kwa kompyuta, ni rahisi kwa mwanafunzi. Mbunifu asiyependa kodi atumie TouchDesigner, programu ya kuunganisha visanduku badala ya kuandika, ambayo toleo lake la bure halilipiwi kwa kazi isiyo ya biashara na lina ukomo wa picha ya nukta 1280 kwa 1280. Ukilipwa na mtayarishaji, nunua leseni.

Kazi ya programu ni mnyororo mfupi. Pokea fremu, yaani picha moja ya video. Ondoa kila kilicho nje ya eneo la kuchezea: kwa kamera ya kina, futa nukta zote zilizo mbali zaidi ya mita 4, kwa kamera ya infraredi, toa picha ya eneo likiwa tupu. Futa madoa madogo. Kinachobaki ni kivuli. Kilinganishe na fremu iliyopita upate kiasi cha mwendo, kisha upeleke thamani hiyo kwenye hadithi. Picha ya eneo tupu ijisasishe yenyewe polepole, la sivyo kiti kilichosogezwa kitakuwa "mtu" usiku kucha.

Thamani zitatikisika, nawe utataka kuzilainisha. Njia ya kawaida ni kuchukua sehemu 7 kati ya 10 za thamani ya zamani na sehemu 3 za mpya. Inapendeza kwa macho, lakini kwa fremu 30 kwa sekunde inaongeza ucheleweshaji wa milisekunde 78 hivi. Hapo ndipo usanii wako utapimwa, kwa sababu mtu akiinua mkono na maji yakachelewa, mwili wake unajua hata kama hawezi kusema. Lenga jumla isiyozidi milisekunde 100 kutoka mkono hadi skrini. Zima maboresho ya picha kwenye projekta na uiweke kwenye hali ya michezo ya video (game mode).

Ucheleweshaji usiukisie. Weka simu kwenye kurekodi polepole kwa fremu 240 kwa sekunde, irekodi mkono na skrini pamoja, kisha hesabu fremu kati ya mkono kuanza na skrini kujibu. Fremu 24 ni milisekunde 100. Zikifika 50, rudi kazini.

Mchezo wote uwe na vipindi vitatu. Cha kwanza skrini inaita: kivuli cha mfano kinainua mikono, maneno mawili makubwa, "Fungua maji", basi. Cha pili ni mchezo wenyewe, sekunde 30 hadi 40. Cha tatu ni jina la filamu, tarehe, mahali na msimbo wa QR. Kikundi kikitumia sekunde 50 pamoja na kupishana, saa moja inapitisha vikundi 72. Wakiwa watatu watatu ni watu 216. Ukirefusha hadi dakika mbili na nusu unabaki na theluthi moja ya hao, na foleni inayochoka.

Hatua ya 6: Umeme, kebo na kufunga

Projekta wati 300, kompyuta 200, spika 150, taa 50: jumla 700. Jenereta ndogo ya inveta ya kVA 2 inatosha na umeme wake ni safi. Usikubali kuunganishwa kwenye laini moja na muziki wa jukwaa. Besi ikipiga, umeme unayumba. Projekta iende kwenye UPS, betri ya akiba inayoshika umeme ukikatika, maana ikizimika ghafla ikiwa ya moto taa yake inaumia, na hata umeme ukirudi upesi utasubiri ipoe.

Kompyuta ikae karibu na kihisi. Kebo ya USB 3 ikizidi mita 3 huanza kukata mawasiliano, ilhali HDMI nzuri hufika mita 10 bila shida. Kebo zote sakafuni zifunikwe na kubandikwa kwa utepe, hasa mahali ambapo watoto watakimbia, nao watakimbia.

Umbali wa projekta kutoka kwenye skrini ni uwiano wake wa kurusha picha (throw ratio) mara upana wa picha. Yenye uwiano wa 1.5 kwa picha ya mita 3 inakaa mita 4.5 nyuma, na wachezaji wataikinga. Ya uwiano wa 0.5 inakaa mita 1.5 tu, ifunge juu ikiinamia skrini. Au mulika kutoka nyuma ya kitambaa, kama nafasi ipo. Kihisi kifungwe juu ya skrini, mita 2 hivi kutoka chini, kikiinama. Hapo mtu wa mbele hamfichi wa nyuma yake. Banda likitikiswa na upepo, kihisi kifungwe kwenye nguzo yake peke yake.

Hatua ya 7: Ruhusa na faragha

Eneo la umma linataka kibali cha halmashauri ya jiji Arusha au manispaa Moshi, na serikali ya mtaa ipewe taarifa. Tumia vipande vya filamu vilivyokwisha kupitishwa na Bodi ya Filamu Tanzania, na muziki ambao mna haki nao.

Faragha isichukuliwe kama karatasi ya kusaini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na sura ya mtu ni taarifa binafsi. Kivuli kinachochakatwa na kufutwa papo hapo ni salama zaidi; picha inayohifadhiwa inahitaji ridhaa, na ya mtoto inahitaji mzazi. Weka bango la Kiswahili linalosomeka kwa mbali: kamera inaona mwendo, hatuhifadhi nyuso. Kisha usizihifadhi kweli.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Fika mapema ufunge vifaa, lakini marekebisho ya mwisho ya kihisi yafanye giza likishaingia. Chora eneo la kuchezea sakafuni kwa utepe mweupe. Andaa watu wawili: mmoja wa kompyuta, mmoja wa watu. Wa watu ni muhimu zaidi. Asifafanue mchezo, aingie mwenyewe, acheze, amwachie nafasi mtu wa karibu. Mama aliyebeba mtoto mgongoni, wazee, wanaosita pembeni: awaite kwa heshima, "Karibu mama, simama hapa." Watoto wakijaa, awapange kwa zamu fupi, kwani wao wakipewa nafasi ndio watakaowavuta wazazi.

Mtandao wa simu huelemewa penye umati. Weka ruta yako ndogo ya Wi-Fi, na bango la filamu lenye kivuli cha mchezaji lipakuliwe kwa msimbo wa QR kutoka kwenye kompyuta yako moja kwa moja bila bando. Asiye na simu janja apewe kipeperushi chenye tarehe na ukumbi.

Programu ihesabu vitu vitatu bila kumtambua mtu: walioingia eneo la kuchezea, waliofika mwisho wa mchezo, na waliopakua bango. Wengi wakiingia na wachache wakimaliza, mchezo ni mrefu au ishara haieleweki. Wakimaliza wengi na kupakua wachache, kosa liko kwenye skrini ya mwisho: maandishi madogo, au msimbo unaoondoka upesi. Irekebishe hapohapo kabla ya kikundi kinachofuata. Maandishi na sekunde viwe kwenye faili la mipangilio usilazimike kufungua kodi katikati ya foleni. Usiku huohuo mpe mtayarishaji hesabu hizo saa kwa saa, futa mabango yaliyobaki kwenye kompyuta, na hifadhi mipangilio ya kihisi kwa jina la ukumbi, maana ukirudi hapo na filamu nyingine nusu ya kazi itakuwa imeshafanyika.